Mama naye ana mtihani

Neno mtihani likitajwa nyumbani, macho yote huelekea kwa watoto. Wa darasa la saba hupunguziwa kazi, wa kidato cha nne hununuliwa vitabu, na televisheni huzimwa mapema ili wasome. Lakini zipo nyumba ambazo mwenye mtihani ni mama wa watoto wawili, au baba wa miaka 38 mwenye shahada ya kwanza na kazi yake, ambaye sasa anaomba nafasi ya kusoma shahada ya uzamili au uzamivu nje ya nchi. Huyo hakuna anayemzimia televisheni.

Moja ya mitihani inayowakabili watu hawa ni GRE, unaoandaliwa na taasisi ya ETS ya Marekani na kutumiwa na vyuo vikuu vya huko, na baadhi ya nchi nyingine, kuchuja waombaji wa masomo ya juu. Septemba 2023 mtihani huo ulifupishwa, na sasa huchukua saa 1 na dakika 58. Una insha moja, sehemu mbili za hesabu na sehemu mbili za lugha ya Kiingereza.

Ada yake ni karibu dola 220 za Marekani. Katika nyumba nyingi, fedha hiyo ni kodi ya miezi kadhaa au ada ya shule ya mtoto. Matokeo hudumu miaka 5. Ukitaka kurudia unaruhusiwa baada ya siku 21, lakini unalipa upya. Kwa hiyo maandalizi hayamhusu mtahiniwa peke yake, yanagusa mfuko wa familia nzima.

Hatua ya kwanza, kabla ya kulipa chochote, ni kusoma masharti ya kozi unayoiomba. Vyuo vingi vimeacha kudai GRE, hasa tangu mwaka 2020, na vingine huhitaji tu kipimo cha Kiingereza kama TOEFL au IELTS. Ndani ya chuo kimoja, idara moja inaweza kuutaka na nyingine isiutake. Dakika kumi za kusoma masharti hayo zinaweza kuokoa dola 220.

Mbuzi wa zizini na mbuzi wa jikoni

Iwapo mtihani unatakiwa kweli, kazi inaanza. Sehemu mbili za lugha zina maswali 27 ya kujibiwa kwa dakika 41, yaani dakika moja na nusu kwa kila swali. Alama huanzia 130 hadi 170. Yapo maswali ya kujaza mapengo katika sentensi, maswali ya kuchagua maneno mawili kati ya sita yatakayoipa sentensi maana ileile, na maswali ya ufahamu. Penye pengo zaidi ya moja, ukikosea moja umekosa swali zima.

Wengi hukimbilia kukariri. Mtu hupakua orodha ya maneno 1,000, huanza na herufi A, na baada ya wiki mbili yuko kwenye B huku ya A yakiwa yameshapotea. Si kwamba akili yake ni nzito. Tangu mwaka 1885, mtafiti wa Ujerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha kuwa mambo yaliyokaririwa bila kurudiwa husahaulika kwa kasi, tena zaidi katika saa na siku za mwanzo.

Tatizo la pili ni kwamba maneno yanayoangusha watu si magumu siku zote. Kila mtoto anamjua mbuzi, lakini anayemjua wa zizini tu atashangaa akitumwa jikoni kuleta mbuzi ya kukunia nazi. Kiingereza nacho kiko hivyo. "Want", tunayoijua kama kutaka, humaanisha pia upungufu. "Flag", mbali na bendera, ni kulegea au kuishiwa nguvu. "Qualify", mbali na kustahili, ni kuiwekea kauli mipaka ili isiwe kali mno. "Check" inaweza kuwa kuzuia.

Mengine hudanganya kwa sura. "Enervate" inafanana na kuongeza nguvu, kumbe ni kudhoofisha. "Noisome" haihusiani na kelele, ni kitu chenye harufu mbaya. "Disinterested" si mtu asiyejali, bali asiyeegemea upande wowote. Aliyekariri neno na maana moja pembeni yake hunaswa hapa. Aliyelikuta ndani ya sentensi mara tatu au nne hanaswi kirahisi.

Jibu kwanza kwa Kiswahili

Shule zetu za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, kisha kuanzia kidato cha kwanza masomo hugeuka kuwa ya Kiingereza. Wengi waliopitia njia hiyo hujiona wana upungufu. Hata hivyo, katika maswali ya kujaza pengo, Kiswahili kinaweza kuwa msaada.

Tuseme sentensi inaeleza kwamba ingawa waziri alijulikana kwa hotuba ndefu, siku hiyo alikuwa, kisha panafuata pengo. Usitazame majibu kwanza. Yafunike kwa kiganja, ujiulize kwa lugha yako ni nini kinachofaa hapo. Neno la "ingawa" limeshakuambia kuwa mambo yamegeuka, hivyo lazima alikuwa mtu wa maneno machache. Sasa funua. Ukikuta "verbose", "furious" na "laconic", utajua kuwa la kwanza ni kinyume na la pili halina ushahidi wowote. Linalobaki ndilo, hata kama hukuwa na uhakika nalo.

Kwenye ufahamu, kila ukimaliza aya sema kwa sentensi moja ya Kiswahili mwandishi alichokifanya: anadai, anapinga, anatoa mfano, au anakubali kwa masharti. Maswali mengi huuliza hilo hasa. Jihadhari pia na ujuzi wako mwenyewe. Mwalimu aliyefundisha baiolojia miaka 10 anaweza kukosa swali la habari inayohusu mimea, kwa kuwa anajibu anachokijua badala ya kilichoandikwa.

Jingine la kukumbuka ni kwamba jibu lisilo sahihi halipunguzi alama. Usiache swali wazi. Likikushinda, weka alama ya kulirudia na uendelee, kwa kuwa ndani ya sehemu moja unaruhusiwa kurudi nyuma. Sehemu ya kwanza ifanye kwa utulivu, maana ndiyo huamua ugumu wa sehemu ya pili.

Boksi la viatu

Ili maneno yasipotee, ipo mbinu isiyo na gharama ambayo mwandishi wa habari Sebastian Leitner aliieneza katika miaka ya 1970. Chukua boksi la viatu, ligawe sehemu tatu kwa vipande vya karatasi ngumu. Kila neno jipya liandike kwenye kadi yake. Mbele weka neno, nyuma weka sentensi ulikolikuta pamoja na maana yake kwa Kiswahili.

Kadi za sehemu ya kwanza hupitiwa kila siku, za pili kila baada ya siku 3, za tatu mara moja kwa wiki. Ukiikumbuka kadi inasonga mbele, ukiisahau inarudi mwanzo. Maneno 8 kwa siku, siku 6 kwa wiki, kwa wiki 12, ni maneno 576. Ni machache kuliko orodha za intaneti, lakini utakuwa unayajua.

Kadi hizi ni kazi ya familia. Mtoto wa darasa la sita anaweza kushika boksi na kumhoji mama yake huku maharage yakichemka. Asipomwelewa, mama naye hajaelewa vizuri, kwa hiyo aieleze upya. Kama mtoto anasoma shule ya Kiingereza na anacheka matamshi ya baba, na acheke. Mtoto anayemwona mzazi akikosea, akirudia na kupata, amejifunza jambo kubwa kuliko msamiati.

Kusoma kila siku

Boksi halitoshi bila kusoma, maana maneno yanatoka humo. Habari za GRE huhusu sayansi, historia, sanaa na jamii, hivyo soma makala ndefu za mambo hayo, hata yale usiyoyapenda. Hapo ndipo uvumilivu hujengwa. Kwa Dar es Salaam, Maktaba Kuu ya Taifa iliyopo Barabara ya Bibi Titi Mohamed ni mahali pazuri kwa ambaye nyumbani kwake hapakaliki.

Kwa anayehitaji burudani kidogo, ipo njia nyingine. Riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, iitwayo Paradise, ilitafsiriwa na Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi. Mke akishika ya Kiingereza na mume ya Kiswahili, sura moja kila jioni, watakuwa na mazungumzo ya mezani, na mtahiniwa ataona jinsi maana moja inavyovaa nguo mbili.

Dakika 45 za nyumba nzima

Haya yote huhitaji dakika 45 kila siku kwa muda wa miezi mitatu, na hapo ndipo nyumba nyingi hushindwa. Mama anayeanza kusoma saa 4 usiku baada ya kupika, kuosha vyombo na kulaza watoto, anasinzia ukurasa wa pili. Baba akijifungia chumbani bila kueleza sababu, mwenzake huona ametengwa.

Ni vyema kukaa pamoja mapema na kukubaliana: saa ipi, nani atashika watoto, nani atapika siku zipi, na tarehe ya mtihani ni lini. Ukutani pabandikwe ratiba. Ndugu na majirani waambiwe. Anayesoma alfajiri saa 11 asilaumiwe kwa kulala mapema.

Zikibaki wiki chache, fanya majaribio ya POWERPREP ambayo ETS huyatoa bure mtandaoni, mawili, ukiwa na saa mbele yako na simu imezimwa. Hakikisha pia jina ulilojisajili nalo linafanana na la kitambulisho utakachoonyesha. Mama aliyejisajili kwa jina la mume, ilhali pasipoti ina jina la baba yake, anaweza kuzuiwa mlangoni, na ada ikapotea baada ya miezi mitatu ya kuamka alfajiri.