MPE MTOTO TATIZO, ATAJIFUNZA KUFIKIRI



Siku hizi mzazi akikaa na wenzake utamsikia akisema: "Huyu mtoto kila jioni anakuja na maswali ya kuniuliza mimi. Mwalimu naye kazi yake ni gani?" Ni swali la haki, maana mzazi ametoa jasho lake. Leo tunaeleza njia ya kufundisha inayoanza na tatizo, na kwa nini kikundi chako hapa Mundika kina kazi ndani yake.

Njia hii ni ipi?

Sisi tulizoea hivi: mwalimu anaeleza, mtoto anaandika, halafu mtihani. Katika njia hii tatizo linatangulia somo. Watoto wanapewa jambo la kweli, kisha wanajiuliza: Tunajua nini? Hatujui nini? Tumwulize nani? Wanakwenda kutafuta, wanarudi, wanajadiliana.

Msidhani ni mchezo. Chuo Kikuu cha McMaster huko Kanada kilianza kufundisha madaktari hivyo mwaka 1969. Hapa kwetu, Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kilipopokea wanafunzi wake wa kwanza wa udaktari mwaka 1990, kilichukua njia hiyo hiyo. Wanafunzi walikaa katika vikundi vidogo, wakapewa habari za mgonjwa, wakatafuta wenyewe kinachomsumbua. Walipelekwa pia vijijini, waone ugonjwa unaanzia wapi.

Mtaala wa Umilisi, ulioanza kufundishwa madarasa ya chini kote nchini mwaka 2019, nao unataka mtoto ajue kutatua matatizo, kushirikiana na wenzake, kujieleza na kutumia vyombo vya dijitali.

Mfano: maji ya chemchemi

Watafiti walichunguza chemchemi nyingi za Busia na maeneo jirani, na matokeo yakachapishwa mwaka 2011. Pale chemchemi ilipojengewa saruji, uchafu wa kinyesi ndani ya maji ulipungua karibu theluthi mbili. Lakini katika maji yaliyowekwa nyumbani ulipungua karibu robo tu. Kuharisha kwa watoto wadogo kulipungua, ila hakukuisha. Na kuharisha, akina mama mnajua, kunaua.

Sasa hilo ni tatizo zuri la kuwapa wanafunzi wa Gredi ya 7: Kati ya chemchemi na kikombe, uchafu unarudia wapi?

1. Wafuate maji. Kutoka chemchemi, jerikeni, mtungi, mpaka kikombe. Waandike wanachokiona.

2. Wahesabu. Katika nyumba 20, ngapi zinafunika mtungi? Ngapi zinachota kwa kutumbukiza kikombe na mkono? Hapo asilimia zinaingia zenyewe. Majina ya wenye nyumba yasiandikwe, tusiaibishane.

3. Waulize. Mhudumu wa afya ya jamii yupo, kamati ya maji ipo, nyanya naye yupo.

4. Wasome. Sasa mwalimu akifundisha vijidudu, kuchemsha maji na dawa ya klorini, mtoto anasikiliza kwa sababu anahitaji jibu.

5. Walete ripoti. Wasimame mbele ya kikundi chenu na kueleza. Baada ya mwezi wahesabu tena: je, kuna kilichobadilika?

Mtoto aliyefanya hivyo amefanya hesabu, sayansi na Kiswahili kwa pamoja. Tena amejifunza kusimama mbele ya watu wazima bila kutetemeka.

Tahadhari

Mwalimu asiwaachie watoto kazi akaenda zake. Yeye ndiye anayeuliza, "Umejuaje?" na kumrudisha aliyepotea njia. Pia mtoto asiyejua kusoma wala kujumlisha hatatatua lolote, kwa hiyo msingi lazima ufundishwe. Na kazi isidai pesa: kalamu, daftari na miguu vinatosha. Simu ya mzazi mmoja ikipatikana kwa kupiga picha, ni sawa.

Kikundi kifanye nini?

Shule ina walimu, lakini matatizo mnayo nyinyi. Kwa nini muhogo unaonekana mzuri juu, ukichimba umeoza ndani? Anayenunua maharagwe ng'ambo ya Uganda, akishabadilisha shilingi na kulipa nauli, anabaki na faida kweli? Chagueni moja, mwende kwa mwalimu mkuu, mseme: "Mwalimu, hili limetushinda. Watoto watusaidie kulichunguza."

Halafu wakija kuuliza, msiwafukuze ati wanasumbua. Luka sura ya 2 inatuonyesha Yesu mwenyewe, akiwa na miaka 12, yuko katikati ya waalimu akiuliza maswali. Hakuna aliyemwambia anyamaze.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Ni tatizo gani hapa kwetu tumelizoea mpaka hatuliulizi tena?
2. Nani kati yetu ana ujuzi ambao watoto wanaweza kuja kujifunza?
3. Watoto wakituletea ripoti isiyotupendeza, tutaipokea?