Fahamu: Kwa nini meno huoza na fizi hutoka damu

Kuoza kwa meno ni kazi ya bakteria wanaoishi kinywani. Hula sukari iliyobaki kwenye meno na kutoa asidi, nayo huyeyusha madini ya tabaka gumu la nje hadi tundu likatokea.

Sukari mara ngapi?

Wengi huhesabu vijiko, wakasahau mara. Anayemaliza chai na mandazi asubuhi huyapa mate nafasi ya kuituliza asidi. Anayeweka kikombe mezani na kukinywa kidogo kidogo hadi saa sita, meno yake hushinda kwenye asidi. Ndivyo ilivyo pia kwa mtoto anayelala na chupa ya juisi mdomoni, na huyo ndiye wa kumwahi.

Fizi zikitoka damu

Pitisha ulimi nyuma ya meno ya chini kabla hujapiga mswaki: ule utelezi ni utando wa bakteria, nao ndio huvimbisha fizi hadi zikatoka damu. Usipoondolewa hukakamaa na kuwa ugaga, ambao hautoki kwa mswaki mpaka mtaalamu wa meno aukwangue. Wengi wakiona damu huacha kusugua pale. Inasikitisha, maana hapo ndipo panapohitaji kusafishwa zaidi, taratibu, kwa mswaki laini. Tumbaku huzidisha ugonjwa wa fizi.

Dawa gani ya meno?

Yenye floraidi, mara mbili kwa siku, moja ikiwa kabla ya kulala. Tema povu, usisukutue kwa maji mengi. Mtoto wa chini ya miaka 3 hutosheka na kiasi cha punje ya mchele. Mswaki wa mti, unaopendwa Pwani, husafisha vizuri ncha yake ikitafunwa ikawa nyuzi.