"Nusu saa, uko Nairobi!" Tuhesabu vizuri

1/ Uwanja wa ndege wa Lanet ukitajwa jukwaani, hoja ni moja: nusu saa hadi Nairobi. Hebu tuhesabu tukianzia hapa Rongai.

2/ Lanet hadi JKIA ni kama kilomita 140 angani. Nusu saa inawezekana. Hapo hatudanganywi.

3/ Lakini safari huanzia mlangoni kwako. Rongai hadi Lanet, kupitia Nakuru mjini: karibu saa moja. Kufika mapema na kukaguliwa: saa nyingine. Ukishuka, jam ya Nairobi inakungoja. Jumla: masaa matatu na kitu. Kwa matatu ni kama manne.

4/ Kisumu ni tofauti. Hadi Nairobi ni kama kilomita 280 angani, lakini barabarani ni karibu 350. Huko ndege inaokoa nusu siku. Umbali ukiwa mfupi, faida pia hupungua.

5/ Sisemi uwanja haufai. Mizigo na watalii ni hoja nyingine. Ila akija kuomba kura, muulize: nauli ni pesa ngapi, nani ataimudu, na pesa hizo zingeokoa maisha mangapi pale Salgaa?