Kompyuta Namba 7: Imelala au Inaumwa?

Wadau, hii kitu imenisumbua muda, ngoja niiweke hapa. Umelipia nusu saa kafe, ukurasa haufunguki, unaanza kulaumu laini. Wakati mwingine laini haina kosa kabisa. Ni mashine yenyewe imepunguza mwendo na mwenye kafe hana habari.

Prosesa za siku hizi hazikimbii mwendo mmoja. Intel walileta SpeedStep kwenye laptopu mwaka 2000, halafu 2008 wakaongeza Turbo Boost, inayopandisha mwendo juu ya ule ulioandikwa kwenye boksi. Ukiwa unasoma barua pepe tu, prosesa inashuka kuokoa umeme na kupunguza joto. Ukifungua video inapanda. Hapo hakuna ugonjwa. Ugonjwa ni pale inaposhuka wakati kazi bado ipo, kwa sababu feni imejaa vumbi na prosesa inajiokoa isiungue.

Sasa mwenye mashine 15 atazitazama vipi zote akiwa kaunta? Wengi huweka MRTG au Cacti, zinazouliza kila mashine kwa SNMP. Tatizo, SNMP ya kawaida inakupa asilimia ya shughuli, wastani wa dakika moja. Mwendo haikuambii. Piga hesabu: prosesa ya MHz 2,000 yenye shughuli asilimia 40 inafanya kazi karibu sawa na ile iliyoshuka hadi MHz 800 ikiwa asilimia 100. Grafu inasema ya pili imezidiwa, kumbe imefungwa breki tu.

Kwenye Linux mwendo unausoma kwenye faili la scaling_cur_freq, ndani ya /sys/devices/system/cpu/cpu0/cpufreq. Namba iko kwa kHz, usishtuke ukiona 800000. Andika skripti fupi, iunganishe na Net-SNMP kwa amri ya extend, grafu inajichora. Ila mwendo unaweza kubadilika mara nyingi ndani ya sekunde moja, na MRTG kwa kawaida inauliza kila dakika 5, yaani unapata picha moja ya mbio nzima. Tena skripti yako yenyewe inaiamsha prosesa, kama mlinzi anayekugongea usiku kukuuliza kama umelala! Kwa mashine zenye faili la time_in_state, tumia hilo. Linajumlisha muda uliotumika kwenye kila mwendo, wewe unatoa hesabu ya zamani kwenye ya sasa, basi.

Kafe ninayoshinda mimi, namba 7 ilisusiwa na kila mtu. Fundi alishataka kubadilisha RAM. Tulipochora grafu tukaona asubuhi inakimbia vizuri, kuanzia saa sita mchana inaganda kwenye mwendo wa chini huku shughuli ziko asilimia 100. Tukafungua kava: feni imevaa koti la vumbi. Brashi ya rangi, dakika kumi. Jioni watu walikuwa wanaigombania.