Birere: Sauti ya gita ya Hawaii ingali inasikika, majina ya waliopiga yanapotea

Katika mtaa wa Birere, mjini Goma, anayetaka nyimbo za zamani hatafuti tena duka la sahani. Anampa kijana mwenye kompyuta simu yake au kadi ya memori, analipa franka kidogo, na baada ya muda mfupi ana rumba ya miaka ya 1950 na 1960 ya kusikiliza njiani. Kati ya nyimbo hizo zimo chache ambazo gita yake hailii kama zingine. Sauti inateleza kutoka juu hadi chini bila kukatika, kama mtu anayelia polepole.

Hiyo ni gita ya Hawaii. Lakini kwenye kioo cha simu mara nyingi kunasomeka tu «Piste 05». Nani alipiga, katika orkestra gani, mwaka gani? Hakuna alama. Wimbo umefika, jina limebaki njiani.

Gita hiyo ilitoka mbali. Kwenye visiwa vya Hawaii, katika bahari ya Pasifiki, Joseph Kekuku, aliyezaliwa mwaka wa 1874, ndiye anayetajwa sana kuwa mwanzilishi wake, tangu alipokuwa mwanafunzi. Gita inalazwa magotini, nyuzi zikitazama juu. Mkono mmoja unapiga nyuzi, na ule mwingine, badala ya kuzikandamiza kwa vidole, unatelezesha juu yake kipande cha chuma. Maonyesho makubwa ya San Francisco ya mwaka wa 1915 yaliifanya ipendwe Marekani nzima, na sahani zikaieneza duniani.

Kongo nayo iliipokea. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, huko Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, Zacharie Elenga, aliyejulikana kama Jhimmy, alirekodi katika studio ya Opika. Watu walimpa sifa ya Hawaii kwa namna alivyofanya nyuzi zilie. Hakudumu sana katika muziki wa mji huo, lakini vijana waliomsikiliza hawakumsahau.

Miaka iliyofuata, gita ya Hawaii ilisikika mikononi mwa Nicolas Kasanda, Dokta Nico, aliyezaliwa mwaka wa 1939 huko Mikalayi, Kasai. Aliingia African Jazz ya Joseph Kabasele akiwa bado kijana mdogo. Mwaka wa 1960 alikuwa Bruxelles pamoja na orkestra hiyo wakati wa mazungumzo ya uhuru. Mwaka wa 1963 yeye na Tabu Ley Rochereau waliunda African Fiesta, kisha akaongoza African Fiesta Sukisa, huku kaka yake Dechaud akishika gita ya kusindikiza. Katika baadhi ya nyimbo za miaka hiyo, Nico aliacha gita yake ya kawaida akapiga ya Hawaii. Alifariki Bruxelles mwaka wa 1985.

Nico ana bahati, jina lake ni kubwa. Wengi waliopiga kando yake na baada yake hawana bahati hiyo. Majina yao yalikuwa yameandikwa kwenye karatasi ndogo ya duara iliyobandikwa katikati ya sahani, au hayakuandikwa popote. Wimbo unapohamishwa toka sahani hadi kaseti, toka kaseti hadi simu, karatasi hiyo haihamishwi.

Kuna mfano unaoonyesha kwamba ingewezekana kufanya vizuri zaidi. Mwaka wa 1952, Hugh Tracey alipita Kongo na mashine yake ya kurekodi. Huko Jadotville, leo Likasi, alimrekodi Mwenda Jean Bosco, mpiga gita aliyeimba kwa Kiswahili cha Katanga. Tracey aliandika jina la mwimbaji, mahali, lugha na ala. Kazi hiyo inatunzwa Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki aliyoianzisha mwaka wa 1954. Ndiyo maana zaidi ya miaka 70 baadaye, mtu wa Likasi anaweza kusema: huyu alikuwa wetu.

Lakini sehemu kubwa ya sauti za Kongo inatunzwa nje ya nchi: Afrika Kusini, jumba la makumbusho la Tervuren huko Ubelgiji, na kwa watu binafsi wanaokusanya sahani. Disemba 2021, UNESCO iliandika rumba ya Kongo katika urithi wa binadamu. Heshima hiyo ni kubwa, ila peke yake haiokoi sahani iliyo chini ya kitanda.

Na Goma inajua jinsi vitu vinavyopotea. Tarehe 17 Januari 2002, lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji hadi Ziwa Kivu. Nyumba ilipoungua, picha na sahani ziliungua nayo. Mei 2021, volkano ililipuka tena na watu wengi wakaamriwa kuhama. Januari 2025, mapigano yaliingia mjini na M23 ikauteka. Anayekimbia anabeba mtoto, godoro na sufuria. Habebi sanduku la sahani.

Hasara hiyo si ya kumbukumbu tu. Bila jina, watoto na wajukuu wa mpiga gita hawana pa kuanzia wanapodai haki za mtunzi.

Kazi ya kuokoa inaweza kuanza nyumbani, na simu inatosha. Mwenye sahani ya zamani apige picha ya karatasi ya katikati, pande zote mbili, kabla haijafutika. Sahani zisimamishwe wima, mbali na jua, zisilazwe moja juu ya nyingine. Zile nzito za zamani, zinazovunjika kama sahani ya chakula, zisisafishwe kwa alkoli, maana inaziharibu. Wimbo ukihamishwa, jina la faili liwe na mpigaji, orkestra na mwaka, kisha nakala iwekwe kwa jamaa anayeishi mji mwingine.

La haraka kuliko yote ni wazee. Aliyecheza rumba akiwa na miaka 20 mwaka wa 1965 leo anakaribia au amepita miaka 80. Akiwekewa «Piste 05» na kuulizwa ni nani anapiga, huenda akajibu kabla wimbo haujaisha. Jibu hilo lirekodiwe siku hiyohiyo.