Mnanaha: Sifa, Matumizi na Fasili Yake

Mtunzi wa kamusi akiufasili mnanaha kuwa "aina ya mmea", hakukosea kisarufi wala kimantiki. Hata hivyo, fasili hiyo inamnyima msomaji jambo la kwanza analopaswa kulijua, nalo ni kwamba mmea huu unaua. Makala haya yanakusudia kueleza sifa na matumizi ya mnanaha, na kuonyesha kwa nini kidahizo chake kinahitaji uangalifu.

Mnanaha, ambao pengine huitwa mranaha, ni wa jenasi ya Datura, na unaojulikana zaidi ni Datura stramonium. Jamaa zake ni nyanya, biringani, tumbaku na mnavu. Huota wenyewe kandokando ya njia, majaani na mashambani, na kimo chake huweza kupita mita 1. Majani yake ni mapana, yenye kingo za meno, nayo yakifikichwa hutoa harufu mbaya. Ua lake, jeupe au la zambarau, lina umbo la tarumbeta na hufunguka jioni. Tunda lina miiba pande zote. Likikauka hupasuka sehemu 4 na kumwaga mbegu nyingi nyeusi.

Sehemu zote za mmea huu zina sumu, hasa mbegu. Sumu hiyo ni alkaloidi za atropini, hayosiamini na skopolamini, ambazo huzuia ujumbe wa neva kufika kwenye tezi, moyo na misuli ya ndani. Aliyeila hukaukwa na kinywa, mboni zake hutanuka, moyo humwenda mbio, mwili humpanda joto, na akili humruka hata akazungumza na watu wasiokuwapo.

Sumu iyo hiyo ni dawa. Atropini hutanua mboni wakati wa kupima macho, na humwokoa aliyedhuriwa na baadhi ya dawa za kuulia wadudu. Skopolamini huzuia kichefuchefu cha safari. Katika karne ya 19, wagonjwa wa pumu huko Ulaya walivuta moshi wa majani yake, desturi iliyotoka India. Lakini kiasi cha sumu hutofautiana baina ya mmea na mmea. Kwa hiyo kipimo cha hospitali hakiwezi kulinganishwa na konzi ya majani.

Lugha mbalimbali zimeutaja mmea huu kwa sifa zake. Kijerumani huuita Stechapfel, yaani tufaha lichomalo, na Kiafrikana stinkblaar, jani linukalo. Jina la Kimarekani, jimsonweed, limetokana na Jamestown, Virginia, ambako mwaka 1676 askari wa Kiingereza waliula kama mboga wakarukwa na akili kwa siku 11. Datura yenyewe ni neno la Kihindi, dhatura, lililotiwa katika Kilatini na Linnaeus.

Jina la Kiswahili halitoi onyo la namna hiyo. Zaidi ya hayo, linakaribiana mno na mnanaa, mmea wa nanaa itiwayo katika chai. Kinachoyatenganisha majina haya mawili ni sauti /h/ peke yake. Msemaji ambaye lugha yake ya kwanza haina sauti hiyo huweza kuyatamka sawasawa, na msikilizaji akabaki bila njia ya kujua ni jani lipi linalosemwa. Hapo fasili ndiyo inayobaki kuwa kinga.

Hatari yenyewe si ya kubuni. Mwaka 2019, katika eneo la Karamoja nchini Uganda, watu wapatao 300 waliugua na 5 wakafa baada ya kula unga wa lishe wa msaada ulioingiwa na sumu ya gugu hili. Viwango vya kimataifa vya mahindi vya mwaka 1985 vilikwisha kuutaja mnanaha miongoni mwa mimea ambayo mbegu zake hazitakiwi katika nafaka.

Kwa hiyo fasili ifaayo haina budi kukusanya umbo, hatari na tahadhari ya matamshi, kwa mfano: mnanaha (mi-), gugu lenye maua ya umbo la tarumbeta, tunda la miiba na mbegu nyeusi, sehemu zake zote ni sumu, hasa mbegu, si sawa na mnanaa.