Chakula cha Bakteria: Agari Ilivyotoka Jikoni (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulieleza kwa nini daktari huagiza makohozi au mkojo uoteshwe maabara kabla ya kuamua dawa. Leo tuangalie chakula chenyewe wanamopandwa bakteria waliomo humo.

Vinavyowalisha vingi vyatoka jikoni na machinjioni: supu ya nyama, hamira, viazi, mayai, damu ya kondoo. Lakini ndani ya supu bakteria wa kila aina huogelea pamoja, hutajua yupi ni yupi. Lazima igandishwe, ili kila mmoja akwame mahali pake na azaliane hapohapo mpaka kitokee kidoa cha kuonekana kwa macho.

Mjerumani Robert Koch alijaribu vipande vya viazi, kisha gelatini ya ngozi na mifupa. Gelatini ilimsumbua sana. Bakteria wengi wanaotuuguza hustawi kwenye nyuzi 37, joto la mwili wetu, na kwa joto hilo gelatini huyeyuka. Tena wapo bakteria wanaoila ikawa maji.

Ufumbuzi aliuleta Fanny Hesse, mzaliwa wa New York, aliyekuwa akimsaidia mumewe, Walther, mtafiti katika maabara ya Koch. Jeli alizopika nyumbani zilistahimili joto kwa kuwa alizigandisha kwa agari, inayotokana na mwani mwekundu. Alifundishwa na majirani waliowahi kuishi Java. Mwaka 1882 Koch alipotangaza bakteria wa kifua kikuu, aliitaja agari, lakini Fanny hakumtaja. Alidhulumiwa, na walimu wa sayansi wana deni la kulitaja jina lake darasani.

Gramu 15 hivi za agari zatosha kugandisha lita moja ya supu. Agari huyeyuka inapokaribia kuchemka, lakini ikipoa haigandi mpaka ishuke karibu nyuzi 40. Hapo katikati, ikiwa vuguvugu, ndipo mtaalamu humimina damu bila kuipika, akaichanganya taratibu isitoe povu, kisha akajaza visahani.

Wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani, Zanzibar, wasidhani agari hutoka kwenye mwani wao. Unaolimwa huko hutoa karajinani, inayotumika kwenye vyakula na dawa za meno. Agari hutoka hasa kwa jamii za Gelidium na Gracilaria. Hata hivyo Gracilaria huota pwani yetu pia, na nawasihi watafiti wetu wa bahari waipime kwa bidii: je, yaweza kuzilisha maabara zetu?

Wiki ijayo tutaeleza kazi ya damu ya kondoo.